Masjala ya Mafinga

Asubuhi ya Julai. Ukungu umekaa dirishani
kama mtu aliyekosa nauli.
Nimevaa sweta mbili, chai yangu iko juu ya jalada la mirathi.
Bi Vaileth Nyaulingo anaingia
na fomu iliyojazwa kwa kalamu ya kijani
na chupa ya maji isiyo na lebo.

Jina la mdai: Mto Kilendu.
Mama, nasema, hapa tunaandika jina la mtu.
Anafunua Katiba mpya, ile ya karatasi nyembamba
inayouzwa stendi pamoja na karanga.
Kidole chenye tope la kinyungu chini ya ukucha
kinatua kwenye ibara:
mto ni mwenye haki; una haki ya kuwapo,
ya kutiririka, ya kufika unakokwenda.
Naisoma mara mbili nikitafuta neno "isipokuwa".
Halimo.
Miaka kumi na tisa mahakamani
sijaona ibara isiyo na "isipokuwa".

Haya. Umri?
"Babu aliukuta."
Makazi?
"Unapita."
Kazi?
Ananitazama kama mtoto aliyeuliza ugali unatoka wapi.
Namba ya NIDA? Kompyuta haikubali nafasi tupu.
Naandika sifuri, zote ishirini,
mashine inazimeza bila kutafuna.

Sahihi au dole gumba?
Anafungua chupa, anamimina kidogo
kwenye kona ya karatasi.
Wino wa kijani unaanza kutembea.
"Hii nimeikinga chanzoni jana,
tangu adhuhuri hadi kuku wanaingia bandani.
Chupa moja, mwanangu."

Nasoma madai.
Kwamba wadaiwa, wa kwanza hadi wa thelathini na mmoja,
wamepanda mikaratusi bondeni;
kwamba miti hiyo inakunywa usiku na mchana
kama wanaume wa kilabuni msimu wa ulanzi,
ila wanaume hulala;
kwamba vinyungu vimepasuka, mahindi mabichi ya Krismasi hayapo,
vyura wamehama bila kuaga.

Kazi yangu ni kukagua orodha.
Wa kwanza, kampuni ya nguzo za umeme.
Wa pili, mchungaji. Wa tisa, diwani mstaafu.
Wa kumi na saba:
Aidani Kikoti, karani, Mafinga.

Mia sita. Niliipanda mwaka aliozaliwa Lusungu.
Kila mti nilishaupa kazi:
huu ada ya kidato cha tano, huu bati,
wale wa ukingoni matibabu ya mama.
Walipouliza kama nimemsogelea mtu
nilijibu kwa moyo mweupe kabisa:
pale hapana mtu, kuna maji tu.

"Nilijua uko zamu," anasema Bi Vaileth.
"Ndiyo maana nimekuja leo."
Anafungua pindo la khanga.
Noti za elfu moja moja, zinanuka moshi wa majiko
ya wanawake ambao nikitaka naweza kuwataja kwa majina.
Ada ya mdai. Nahesabu. Imezidi mia mbili, narudisha mia mbili.

Muhuri: IMEPOKELEWA.
Utaratibu unasema hati ya wito ikabidhiwe mkononi,
mpokeaji atie sahihi mbele ya karani.
Chumbani tuko watatu, ukihesabu chupa.
Najikabidhi.
Kushoto nasaini kama mtoaji, wino unashika.
Kulia nasaini kama mpokeaji;
upande ule karatasi bado imelowa,
na jina langu linateremka pole pole
kuelekea ukingo wa meza.

Sikulifuta.
Nje lori la nguzo lilikuwa linapita,
taa zimewashwa, saa nne asubuhi.